Laptopu ikimwagikiwa chai, soda au maji: Cha kufanya na cha kuepuka

Kikombe cha chai kikipinduka juu ya kompyuta mpakato, watu wengi hufanya mambo mawili fasta: wanafuta kibodi, kisha wanabonyeza vitufe kuona kama mashine bado inafanya kazi. La kwanza halina ubaya. La pili ndilo linaloziua laptopu nyingi.

Mara nyingi maji yenyewe si muuaji. Kinachoua ni umeme kupita mahali palipolowa, halafu kutu inayokuja taratibu siku kadhaa baadaye. Ndiyo maana kuna mashine iliyolowa chapachapa ikapona, na nyingine iliyodondokewa soda kidogo tu ikafa baada ya wiki mbili.

Kwa mwanafunzi anayemalizia tasnifu, mhasibu wa duka au mpiga picha wa harusi, hasara haiishii kwenye bei ya laptopu. Kazi iliyomo ndani huwa ghali zaidi, na mara nyingi haiwezi kununuliwa tena. Ukijua cha kufanya katika dakika chache za mwanzo, unaweza kuokoa vyote viwili.

Dakika ya kwanza: Kata umeme

Anza na usalama wako. Kama kimiminika kimefika kwenye soketi, ekstensheni au kichwa cha chaja, usiguse hapo. Zima swichi ya ukutani kama ni kavu na unaifikia bila kukanyaga maji. Kama sivyo, nenda ukazime swichi kuu ya nyumba. Umeme wa ukutani ni volti 230 Tanzania na 240 Kenya, na huo unaua mtu.

Ukishakuwa salama, fuata mpangilio huu:

1. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie, kwa mashine nyingi kati ya sekunde 5 na 10, mpaka izime kabisa. Usipoteze muda kufunga programu moja moja. Ni afadhali kupoteza aya mbili ambazo hukuzihifadhi kuliko faili zote.

2. Chomoa chaja.

3. Chomoa kila kilichochomekwa: flashi, mausi, modemu, kadi ya kumbukumbu, waya wa spika.

4. Kama ni mashine ya zamani yenye betri inayotoka kwa kusukuma vishikizo vya chini, itoe. Laptopu nyingi za sasa zina betri ya ndani, kwa hiyo hatua hii itasubiri mashine ifunguliwe.

Kufunga mfuniko si kuzima. Mashine inakuwa imelala tu, umeme unaendelea kuzunguka ndani yake, na kioo kinakuwa kimelalia kibodi iliyolowa.

Kama betri imevimba, inatoa moshi, inafanya mlio kama wa mvuke au imekuwa ya moto isivyo kawaida, achana na hatua nyingine zote. Kaa mbali nayo, toa watu chumbani na usijaribu kuitoboa wala kuikandamiza.

Igeuze ikae kama paa la nyumba

Kwanza nyonya kimiminika kilicho juu kwa kitambaa kikavu au tishu. Kandamiza polepole bila kusugua, kwa sababu kusugua kunasukuma majimaji chini ya vitufe.

Kisha fungua kioo kadiri kinavyokubali bila kukilazimisha, geuza mashine na uisimamishe juu ya taulo, kibodi ikitazama chini. Ikae kama paa la nyumba au hema. Lengo ni kimiminika kirudi kilikotoka, badala ya kushuka kwenye bodi kuu ambayo kwa kawaida iko chini ya kibodi.

Hali ni tofauti kama maji yaliingia kwa chini, mfano laptopu ilikuwa juu ya meza iliyomwagikiwa. Hapo usiigeuze. Inyanyue, ifute chini na uiache katika mkao wake wa kawaida, matundu ya hewa yakitazama chini, maji yatoke kwa njia yaliyoingilia.

Kwa vyovyote vile, usiitikise. Kuitikisa kunasambaza majimaji kwenye sehemu zilizokuwa bado kavu.

Kwa nini usiiwashe "kujaribu tu"

Maji safi kabisa ni mpitishaji dhaifu wa umeme. Lakini maji ya bomba, chai na soda yana chumvi na madini yaliyoyeyuka, na hayo ndiyo yanayopitisha umeme.

Kwenye bodi kuu kuna njia za shaba nyembamba kuliko unywele, zimepangwa karibu karibu. Tone moja likiunganisha njia mbili zisizotakiwa kukutana, umeme unapita njia isiyo yake na sehemu ndogo inaweza kuungua papo hapo. Hiyo ndiyo shoti.

Kuna uharibifu mwingine ambao hauonekani siku hiyo. Umeme ukiwepo pamoja na unyevu, shaba huanza kuyeyuka upande mmoja na kuhamia upande wa pili. Inajenga nyuzi ndogo zinazounganisha njia, au inakata njia kabisa. Mafundi wakifungua mashine ya namna hii hukuta ukungu wa kijani au mweupe kwenye miguu ya chipu.

Mchakato huo unahitaji vitu viwili kwa pamoja: unyevu na umeme. Ukiondoa umeme, unakuwa umenunua muda wa kushughulikia unyevu. Ukiiwasha "kujaribu tu", unarudisha vyote viwili.

Maji, chai, soda na bia havifanani

Jambo la pili la kujua ni nini hasa kimemwagika, kwa sababu matibabu yanatofautiana.

*Maji ya kunywa au ya bomba.* Haya yana nafuu. Yakikauka huacha madini kidogo. Kama yalikuwa machache na umeme ulikatwa mapema, uwezekano wa kupona ni mzuri.

*Chai na kahawa.* Sukari ikikauka inakuwa gundi. Vitufe vinanata, na sukari hiyo huvuta unyevu wa hewani, hivyo mahali hapo hapakauki vizuri. Chai ya maziwa ni mbaya zaidi, maana maziwa huacha mafuta na protini, na baada ya siku chache yanaanza kunuka.

*Soda, juisi na bia.* Hizi zina asidi. Soda za kola zina asidi ya fosforasi, na juisi za machungwa au malimao zina asidi ya sitriki. Asidi inaharakisha kuliwa kwa madini, na sukari ya soda na juisi inabaki imegandia palepale.

*Maji ya bahari.* Hiki ndicho kisa kigumu kuliko vyote. Lita moja ya maji ya bahari ina wastani wa gramu 35 za chumvi, na chumvi hiyo haiondoki kwa kukausha. Laptopu iliyoingiwa na maji ya bahari inatakiwa kufika kwa fundi siku hiyohiyo, ikiwa imezimwa.

Kanuni fupi ni hii: maji ya kawaida yanakaushwa, vingine vyote vinasafishwa. Kukausha soda bila kuisafisha ni kuiacha iendelee kula bodi polepole.

Mchele hausaidii

Ushauri wa kuzika kifaa kwenye mchele umesambaa kuanzia kwenye simu mpaka kwenye laptopu. Hauna msingi mzuri.

Mchele hauvuti maji kutoka ndani ya mashine iliyofungwa. Unachofanya ni kukaa nje tu, wakati unyevu uko chini ya chipu. Tena unaacha vumbi la wanga na vipande vidogo vinavyoweza kuingia kwenye matundu ya USB na feni. Mwaka 2024, kampuni ya Apple iliwaonya watumiaji wa iPhone wasiweke simu iliyolowa kwenye mfuko wa mchele, ikisema chembe ndogo za mchele zinaweza kuiharibu simu.

Hasara kubwa ya mchele ni muda. Siku tatu ambazo laptopu iko kwenye kiroba ni siku tatu ambazo sukari na asidi vinaendelea na kazi yake.

Mambo mengine ya kuepuka:

- Mashine ya kukaushia nywele. Joto lake linaweza kupinda vitufe vya plastiki, na upepo wake unasukuma maji ndani zaidi.
- Jua kali, jiko au oveni. Betri za lithiamu hazitakiwi kupata joto kali.
- Friji. Ukiitoa, mvuke wa hewani unagandia ndani na kuwa maji mapya.
- Kuchaji "ili ipate nguvu ya kukauka". Hakuna kitu kama hicho.

Ikauke kwa muda gani?

Kama ni maji kidogo, iache isipungue saa 48 kwenye chumba chenye hewa, feni ya kawaida ikiipulizia kutoka mbali kidogo. Saa 24 zinaweza kutosha kwa matone machache, lakini kusubiri siku moja zaidi hakukugharimu kitu.

Kwa miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, hewa ina unyevu mwingi, hasa wakati wa masika. Huko ongeza muda. Chumba chenye kiyoyozi kinasaidia, kwa kuwa kiyoyozi hupunguza unyevu wa hewa.

Mashine iliyofunguliwa mfuniko wa chini na kuchomolewa betri hukauka vizuri zaidi kuliko iliyofungwa. Maji yaliyonaswa chini ya chipu kubwa yanaweza kukaa siku nyingi wakati nje pameshakauka.

Unaweza kuifungua mwenyewe?

Kama umewahi kufungua laptopu na una bisibisi ndogo zinazofaa, ndiyo. Kama hujawahi, hii si siku ya kujifunzia.

Anayeamua kufungua aanze na jambo moja: kuchomoa waya wa betri kwenye bodi kuu. Hapo ndipo umeme unakuwa umekatika kweli, maana laptopu yenye betri ya ndani huwa na umeme kwenye baadhi ya njia hata ikiwa imezimwa. Skrubu zipangwe kwa mpangilio zilivyotoka, kwa sababu urefu wake hutofautiana, na ndefu ikiwekwa mahali pa fupi inaweza kutoboa bodi.

Kinachotumika kusafisha ni alkoholi ya isopropili yenye ukali wa asilimia 90 au zaidi, pamoja na mswaki laini. Inayeyusha uchafu, inafukuza maji na inakauka haraka bila kuacha alama. Inashika moto kirahisi, kwa hiyo madirisha yawe wazi na pasiwe na moto karibu.

Spiriti ya rangi, sanitaiza ya jeli, petroli na thina si mbadala wake. Spiriti na jeli huacha mabaki, na petroli na thina zinaweza kuyeyusha plastiki.

Ukienda kwa fundi

Mpe fundi taarifa tatu bila kuficha: ni kimiminika gani, kilimwagika lini, na kama mashine iliwashwa baada ya hapo. Wateja wengine husema "ni maji tu" kwa aibu ya bia. Fundi anakausha badala ya kusafisha, na mashine inarudi imekufa mwezi unaofuata.

Maswali ya kumuuliza kabla ya kuiacha:

- Je, ataitoa bodi kuu na kuisafisha pande zote mbili, au atapuliza hewa tu?
- Anatumia kitu gani kusafishia?
- Gharama ya kukagua ni kiasi gani kama mashine haitapona?
- Kifaa kikibadilishwa, kile kibovu utarudishiwa?

Kabla ya kuondoka, piga picha namba ya utambulisho iliyo chini ya laptopu. Kama mfuniko umefunguliwa mbele yako, piga picha pia RAM na diski. Mnaandikishana kwenye karatasi, kila mmoja anabaki na nakala. Hatua hii inamlinda mteja na inamlinda fundi pia.

Ogopa fundi anayeiwasha palepale mezani "aone shida iko wapi" kabla ya kuifungua.

Okoa data kwanza, mashine baadaye

Bodi kuu ikifa, haimaanishi faili zimekufa. Kwenye laptopu nyingi, diski ni kifaa kinachojitegemea. Kama ni SSD au hadidiski inayotoka, fundi anaweza kuichomoa, kuihakikisha ni kavu, kuiweka kwenye kesi ya USB na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine. Kazi hiyo huwa ya muda mfupi na bei yake huwa chini sana ya matengenezo ya bodi.

Kuna mambo mawili yanayoweza kukwamisha.

La kwanza ni mashine ambazo hifadhi yake imechomelewa kwenye bodi kuu, mfano MacBook za miaka ya karibuni na baadhi ya laptopu nyembamba za Windows. Hapo njia ya kupata data kwa kawaida ni kuifufua bodi yenyewe, na kazi hiyo inahitaji fundi mwenye hadubini na uzoefu wa kuchomelea chipu.

La pili ni ufungaji wa diski kwa siri. Kompyuta nyingi za Windows 11 hufunga diski kwa BitLocker bila mwenye mashine kutambua. Diski ikihamishiwa kwenye kompyuta nyingine, itaomba ufunguo wa tarakimu 48. Kwa kawaida ufunguo huo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiwasha mashine mara ya kwanza, na unaweza kuutafuta kwa kuingia kwenye akaunti hiyo kupitia simu. Kama laptopu ni ya ofisi, muulize mtu wa TEHAMA.

Kwa hiyo, kama kazi iliyomo ina thamani kuliko laptopu, mwambie fundi mapema: "Naomba data kwanza." Asipoambiwa, anaweza kuanza na kile anachoona ni tatizo, yaani kuifanya iwake.

Waranti inasemaje?

Waranti ya kawaida ya watengenezaji wengi hufidia kasoro za kiwandani. Haifidii kumwagikiwa. Baadhi ya laptopu, zikiwemo za Apple, zina alama ndogo ndani zinazobadilika rangi kuwa nyekundu zikiguswa na maji, kwa hiyo kuficha hakusaidii.

Mpango wa ziada unaofidia ajali ni kitu tofauti, na wachache huulipia. Soma karatasi zako. Kama mashine bado iko kwenye mpango wa namna hiyo, usiifungue mwenyewe wala usiipeleke kwa fundi wa mtaani kabla ya kuwasiliana nao.

Wanaonunua laptopu zilizotumika Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi hawana mpango huo wa ajali mara nyingi. Lakini baadhi ya mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi, kama ThinkPad nyingi za Lenovo, zina mifereji chini ya kibodi inayotoa majimaji kwenye matundu ya chini. Zinavumilia maji kidogo. Hazivumilii jagi zima, na mifereji hiyo haizuii sukari kunata.

Ikiwaka, usishangilie mapema

Mashine iliyokaushwa au kusafishwa ikiwaka, kazi ya kwanza ni kunakili faili zote muhimu siku hiyohiyo. Usianze na filamu wala kusasisha Windows. Anza na nakala.

Baada ya hapo, iangalie kwa wiki kadhaa. Dalili za kwamba bado kuna uchafu au kutu ndani ni hizi:

- Vitufe vinavyonata au kujichapa vyenyewe
- Tachipadi inayorukaruka
- Betri isiyochaji au inayopata moto
- Mwanga wa kioo unaokuja na kupotea
- Kuzima ghafla bila sababu
- Feni inayozunguka kwa nguvu wakati hakuna kazi nzito

Ukiona mojawapo, zima na uipeleke ikasafishwe. Kama shida ni vitufe tu, kibodi ya nje ya USB inaweza kukuvusha wakati unatafuta ya kubadilisha. Kibodi ni kati ya vifaa vinavyobadilishika, ingawa kwenye baadhi ya modeli imefungwa pamoja na mfuniko wa juu na gharama inapanda.

Kinga ni rahisi kuliko yote

Kikombe kikae meza nyingine, au kikae chini zaidi ya laptopu ilipo. Chupa yenye mfuniko inashinda glasi. Kava la silikoni la kibodi linapunguza madhara ya matone, lakini litolewe mashine ikipata moto, maana linazuia hewa kwenye baadhi ya modeli.

Halafu kuna nakala. Google Drive inatoa GB 15 bure, zinazotosha tasnifu, mahesabu na barua za miaka mingi. Kwa picha na video, diski ya nje inayohifadhiwa mbali na laptopu inafanya kazi hiyo.

Mwenye nakala akimwagikiwa na chai, amepata hasara ya mashine tu. Anaweza kuizima bila kuhofia aya mbili za mwisho, akaigeuza na kusubiri saa 48 bila kushawishika kuiwasha. Asiye na nakala ndiye anayebonyeza kitufe baada ya nusu saa, kwa sababu anataka kujua kama faili bado zipo, na kwa kitendo hicho anaweza kuzipoteza.